Nahodha Slocum na chombo kilichoozea shambani

Kila fundi wa vyombo kwenye pwani yetu, kuanzia Matondoni hadi Vanga, amewahi kuulizwa swali hili zaidi ya mara moja: kazi hii inakulipa? Wanaouliza hawana nia mbaya. Huuliza jirani, huuliza mkwe, na siku hizi huuliza hata mtoto wa fundi mwenyewe aliyesoma akapata kazi mjini. Leo nataka kuwasimulia maisha ya mtu aliyeulizwa swali hilo kwa zaidi ya mwaka mzima, naye akaendelea kupiga nyundo.

Hakuwa mtu wa kwetu, wala hakuwahi kutia nanga Lamu au Mombasa. Jina lake ni Joshua Slocum. Wanaofuatilia habari za bahari wanamjua kuwa mtu wa kwanza kuizunguka dunia peke yake kwa tanga. Safari hiyo naiheshimu, lakini kinachonivutia mimi zaidi ni ile miezi kumi na mitatu ya kazi aliyoifanya nchi kavu kabla ya safari, akiunda upya chombo ambacho wenzake walikwisha kukihesabu kuni.

Slocum alizaliwa tarehe 20 Februari 1844 katika jimbo la Nova Scotia, Kanada, mahali ambapo mtu akisimama mlangoni huiona bahari ya Ghuba ya Fundy. Nyumbani walizaliwa watoto kumi na mmoja, yeye akiwa wa tano. Mama yake alikuwa binti wa mlinzi wa mnara wa taa. Baba yake alikuwa mtu mkali, shamba halikumtosha, akahamisha familia hadi kisiwa cha Brier akawa anashona viatu vya ngozi vya wavuvi. Mtoto Joshua alitolewa shuleni akiwa na miaka kama kumi, akawekwa kibandani kusaidia kazi ya viatu. Wanaojua harufu ya ngozi iliyolowa wataelewa kwa nini macho yake yalikuwa dirishani.

Akiwa na miaka 14 alitoroka, akajiandikisha upishi katika chombo cha wavuvi. Mapishi hayakumfaa, akarudi. Mwaka 1860 mama yake alifariki, na yeye akiwa na miaka 16 akaondoka moja kwa moja. Alianza baharia wa kawaida katika meli za matanga za mizigo, akajifundisha mwenyewe hesabu za nyota na jua, akapanda daraja moja baada ya jingine. Alipofika umri wa miaka 25 alikuwa nahodha. Kwa mtu aliyeacha shule akiwa na miaka kumi, hiyo si hatua ndogo.

Mwaka 1871, mjini Sydney, Australia, alimwoa Virginia Walker. Bibi huyu hakubaki nyumbani kumngojea mume. Alipanda naye melini na humo wakaishi, watoto wakazaliwa baharini na bandarini. Walizaa saba, wanne tu wakakua. Kwa miaka kumi na mitatu nyumba yao ilikuwa ile meli waliyokuwa nayo wakati huo, na bahari waliyoijua zaidi ilikuwa Pasifiki, kutoka Marekani hadi China na visiwa vya Ufilipino.

Huko Ufilipino ndiko alikotia mkono wake sawasawa katika kuunda vyombo. Katikati ya miaka ya 1870, kwenye Ghuba ya Subic, alipewa kazi ya kuunda bodi la meli ya moshi la tani 150. Alifanya kazi hiyo na mafundi wa hapo, msituni, wakikata miti wenyewe, familia yake ikiishi katika nyumba ya miti waliyoijenga pwani. Malipo yake hayakutimia. Sehemu ya fedha alipewa badala yake chombo kidogo cha tani 90 kisicho na sitaha. Fundi wa kwetu akilisoma jambo hili atacheka kwa uchungu, maana kulipwa nusu kwa ahadi na nusu kwa kitu ambacho hakijakamilika ni habari anayoijua. Slocum alikichukua chombo hicho, akakitia sitaha na milingoti, akaenda nacho kuvua.

Baadaye alipanda hadi kilele cha kazi yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1880 alikuwa nahodha na mwenye hisa wa Northern Light, mojawapo ya meli nzuri kabisa za matanga za Marekani wakati huo. Ila wakati wenyewe ulikuwa unakwisha. Meli za moshi zilikuwa zinachukua mizigo, bandari moja baada ya nyingine, na matajiri hawakutaka tena kuweka fedha katika tanga. Slocum aliuza hisa yake, akanunua chombo kidogo zaidi kilichoitwa Aquidneck, akaendelea na biashara kana kwamba dunia haikubadilika.

Julai 1884, bandarini Buenos Aires, Virginia aliugua akafa ndani ya Aquidneck. Alikuwa na miaka 34. Waliomjua Slocum wanakubaliana kwamba kuanzia siku hiyo mambo yake hayakushika njia tena. Mwaka 1886 alimwoa binti wa jamaa yake, Henrietta, aliyekuwa na miaka 24. Safari yao ya kwanza pamoja ilikwenda Brazil, na huko yakawakuta yote: karantini ya kipindupindu, ndui kati ya mabaharia, uasi melini. Mwishoni mwa mwaka 1887 Aquidneck ilipanda fungu la mchanga kwenye Ghuba ya Paranaguá, ikavunjika. Haikuwa na bima.

Hapo alibaki nchi ya watu, na mke asiyejua bahari, na watoto wawili wa kiume, na mkono mtupu. Alifanya alichokijua. Kwa mbao zilizookolewa na miti ya hapo, yeye na mwanawe mkubwa waliunda mashua ya futi 35, umbo lake nusu mashua ya wavuvi wa Marekani na nusu sampani ya mashariki. Henrietta, aliyekuwa mshoni, alishona matanga. Waliishua majini tarehe 13 Mei 1888, na siku hiyohiyo sheria ya kuwaacha huru watumwa wote wa Brazil ilitiwa saini. Wakaiita mashua Liberdade, maana yake uhuru. Sisi watu wa pwani hii, ambao mababu zetu waliona masoko ya watumwa kwa macho yao, jina hilo linatugusa. Kwa mashua hiyo familia nzima ilisafiri zaidi ya maili 5,000 hadi Marekani, ikafika salama. Henrietta aliposhuka, alikuwa amekinai bahari.

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe. Majira ya baridi ya mwaka 1892, Slocum alikuwa Boston bila kazi. Alikuwa na miaka 48, nahodha wa matanga katika bandari ya meli za moshi, na hakuna aliyemhitaji. Rafiki yake mmoja, nahodha mstaafu wa meli za kuvua nyangumi aitwaye Eben Pierce, alimwambia kwamba anacho chombo cha kumpa, kinahitaji matengenezo kidogo tu. Slocum akaenda hadi Fairhaven, mji uliotazamana na New Bedford ng'ambo ya maji. Zamani New Bedford ilikuwa bandari kubwa ya wavuvi wa nyangumi. Wakati huo wazee wengi wa kazi hiyo walikuwa wamekaa tu.

Chombo alikikuta shambani, mbali na maji ya chumvi, kimeegeshwa kwa magogo na kufunikwa turubai. Kilikuwa mashua ya kizamani ya kuvulia chaza, jina lake Spray. Kilikuwa kimekaa pale miaka saba. Majirani walifanya mzaha kwamba kiliundwa mwaka 1. Wenyeji walipoona mgeni anakizunguka na kukigonga walidhani, hatimaye, amekuja mtu wa kukivunja. Aliposema amekuja kukiunda upya walistaajabu, na hapo ndipo swali lile lilipoanza: itakulipa? Waliuliza siku ya kwanza, wakaendelea kuuliza kwa muda wa zaidi ya mwaka.

Hakuna kazi ya chombo inayoanza kwa rangi. Inaanza chini. Slocum aliangusha mwaloni mmoja uliokuwa karibu na hapo, akauchonga ukawa mkuku mpya. Kisha mataruma. Alichukua miti michanga iliyonyooka, akaitia katika sanduku la mvuke lililounganishwa na chungu cha maji ya moto, ikalainika, akaipinda juu ya gogo na kuifunga hadi ikashika umbo. Hapa mafundi wetu wana njia tofauti: wao huingia msituni kutafuta tawi ambalo limekwisha kupinda lenyewe, kwa sababu mti uliopindwa na Mungu haujaribu kunyooka tena. Njia ni mbili, lengo moja. Taruma ndilo ubavu wa chombo, na ubavu ukikosea kila kinachokuja juu yake kitakosea.

Kila kipande kilichomalizika kilivuta wageni. Manahodha wa nyangumi walikuja kutoka ng'ambo, wakakaa kitako kutazama, wakatoa maoni, na mmoja mmoja walikuwa wanaridhika. Kipande cha omo kilitoka shinani mwa mwaloni uliokulia malishoni, mgumu kuliko yote, na wazee wale walikubaliana kwamba kingeweza kupasua barafu. Baadaye, katika visiwa vya Keeling kwenye Bahari ya Hindi, omo hiyo ilipasua jiwe la matumbawe vipande viwili na yenyewe haikupata hata alama.

Mbao za ubavuni zilikuwa za msonobari wa Georgia, unene inchi moja na nusu. Zilifungwa kwa misumari na kwa bolti zilizopenya hadi ndani zikakazwa kwa nati. Bolti hizo peke yake zilifika kama elfu moja. Halafu kalafati. Slocum alisukuma pamba kwanza, kisha nyuzi za kamba kuukuu juu yake, akizipiga kwa nyundo mshono baada ya mshono. Kijana yeyote wa Lamu aliyewahi kumshikia babu yake pamba iliyolowekwa mafuta anaijua sauti hiyo ya nyundo ya kalafati: ubao ukipokea vizuri sauti hubadilika, na fundi husikia kabla hajaona. Sitaha akaiweka ya msonobari mweupe, na mlingoti mpya ukatoka katika milima ya New Hampshire.

Ili apate chakula aliacha kazi mara kwa mara akaenda kufanya kibarua katika meli za nyangumi zilizokuwa zikitengenezwa bandarini. Alipomaliza alipiga hesabu. Vifaa vyote vilimgharimu dola 553 na senti 62, pamoja na miezi kumi na mitatu ya kazi ya mikono yake. Chombo kilikuwa na urefu wa futi 36 na inchi 9, upana futi 14 na inchi 2. Kilishuliwa majini kikaelea sawasawa, wala hakikuvuja.

Kuna jambo moja katika kazi ile ambalo naomba msomaji alitulizie akili. Slocum hakuivunja Spray yote kwa siku moja ili aunde nyingine. Alitoa kipande kimoja kilichooza akaweka kipya mahali pake, akatoa kingine, akaweka kingine. Kile cha zamani kilimwonyesha kipya kiweje. Yeye mwenyewe alieleza kwamba haikuwezekana kusema ni saa ngapi chombo cha kale kilikufa na kipya kikazaliwa. Mwishoni karibu kila ubao ulikuwa mpya, na chombo kilikuwa kilekile, kwa jina na kwa umbo. Wengine hulifanya jambo hili fumbo la wanafalsafa. Kwa fundi si fumbo. Anajua kwamba chombo ni umbo lake, na mbao hupita tu, kama watu wanavyopita katika ukoo na ukoo ukabaki.

Kwa hiyo chombo kikuukuu kilichokaa pembeni ni zaidi ya mbao. Ni kipimo. Mafundi wetu hawaundi kwa karatasi. Wanaunda kwa jicho, kwa kamba, kwa shubiri, na kwa kumbukumbu ya chombo kilichotangulia. Jahazi la baba ndiyo ramani ya jahazi la mwana. Ukichoma la kwanza kabla ya la pili kuundwa, umechoma kitabu ambacho hakina nakala.

Nalisema hili kwa sababu linatokea, na linatokea hadi ndani ya nyumba zetu. Katika ukoo wetu sisi ipo mashua ya marehemu babu, imepandishwa kwenye mikoko karibu miaka kumi sasa. Wapo wajomba wanaotaka ikatwe iuzwe, kwa maana mbao za vyombo vya kale siku hizi zina soko: hufanywa fremu za vioo, meza, viti vya hotelini. Hoja yao si ya kipuuzi. Kuna ada za shule, kuna hospitali, na mashua isiyoelea hailishi mtu. Mimi nimesimama upande wa kutoikata, na nikiulizwa sababu, sababu yangu ni hii: fundi aliyeiunda amekufa, na hakuna mtu aliyewahi kuipima.

Tunayo hasara kubwa zaidi ya kutukumbusha. Mitepe, vile vyombo vilivyoshonwa kwa kamba za nazi bila msumari, vilivyosafiri pwani hii kwa karne nyingi na kuundwa katika visiwa vya Lamu, leo havipo. Hakubaki hata mmoja wa asili. Wataalamu waliotaka kuunda mfano wa mtepe kule Zanzibar ilibidi wategemee vinyago vidogo, michoro na picha. Kitu ambacho mababu zetu walikifanya kwa kufumba macho, sisi tulikitafuta kwa miwani.

Turudi kwa Slocum. Baada ya kuvua msimu mmoja akagundua kuwa uvuvi si riziki yake, na baada ya kazi nyingine ya kupeleka chombo cha kivita Brazil ambayo hakulipwa, aliamua kuizunguka dunia. Aliondoka Boston tarehe 24 Aprili 1895, peke yake. Alipopita Nova Scotia alinunua saa ya bati. Bei ilikuwa dola moja na nusu, lakini kioo chake kilikuwa kimevunjika, akauziwa kwa dola moja. Kwa saa hiyo, na kwa kuutazama mwezi na jua na kupiga hesabu, alipata njia.

Mpango wake wa kwanza ulikuwa kupita bahari ya kati, mfereji wa Suez na Bahari ya Sham, yaani angeingia katika bahari yetu kwa mlango wa kaskazini, njia ya majahazi ya Kiarabu. Alipofika Gibraltar maofisa wa manowari za Kiingereza walimwonya juu ya maharamia. Akageuza, na hata hivyo karibu na Moroko alifukuzwa na chombo cha maharamia, akaponea chupuchupu kwa dhoruba iliyowavunjia milingoti. Ndiyo maana dunia aliizunguka kwa upande wa pili: Brazil, mlango-bahari wa Magellan, visiwa vya Pasifiki, Samoa, Australia.

Katika mlango wa Magellan, ambako palikuwa na watu waliojulikana kuvamia vyombo usiku, alimwaga sitahani vijisumari vya mazulia kabla ya kulala. Wavamizi walipanda bila viatu, wakashuka kwa kasi kuliko walivyopanda. Mzee mmoja wa Kilindini niliyemsimulia kisa hiki alicheka hadi akashika ukuta.

Mwaka 1897 aliingia Bahari ya Hindi. Kutoka kisiwa cha Thursday kaskazini mwa Australia hadi visiwa vya Keeling, maili 2,700, alitumia siku 23, na katika siku hizo zote muda alioshika usukani haukufika saa tatu. Spray ilijiongoza. Alifunga usukani, akapanga matanga, chombo kikashika njia mchana na usiku huku yeye akisoma vitabu. Manahodha wengi walikataa kuamini. Lakini hiyo ndiyo faida ya umbo pana na refu chini la vyombo vya kale, na Slocum hakulibuni umbo hilo. Alilirithi kutoka kwa fundi wa mashua za chaza ambaye jina lake hatulijui. Kilichokuwa sifa ya Slocum ni kwamba alipolikuta linaoza shambani hakulibadilisha kwa kujifanya anajua zaidi, ila aliongeza kidogo tu kimo cha ubavu ili lihimili bahari kuu.

Alipita Rodrigues na Mauritius, akafika Durban Novemba 1897. Kutoka Rasi ya Tumaini Jema alikwenda Pretoria kwa reli, akajulishwa kwa Rais Kruger, aliyeamini kwamba dunia ni bapa na ambaye alimsahihisha mgeni wake kwamba mtu hawezi kusafiri kuizunguka. Baada ya hapo St Helena, ambako alipewa mbuzi, na mbuzi akala ramani yake ya visiwa vya Karibi. Tarehe 27 Juni 1898 alitia nanga Newport, Rhode Island, baada ya miaka mitatu, miezi miwili na siku mbili, na maili 46,000. Siku chache baadaye akapandisha tanga tena hadi Fairhaven, akaifunga Spray kwenye gogo lilelile la mwerezi ilikofungwa siku iliposhuliwa.

Sitaki kumfanya walii, kwa sababu hakuwa. Henrietta alikaa nchi kavu miaka ile yote akijitafutia, na ndoa yao ilibaki jina. Mwaka 1906, huko New Jersey, alikamatwa kwa shtaka la kumdhulumu msichana wa miaka 12 ndani ya Spray. Shtaka lilipunguzwa, hakulipinga lililobaki, na alikaa jela siku 42. Wapo waandishi wanaoruka ukurasa huo. Mimi siuruki. Mtoto yule alikuwa mtoto wa watu, na sifa za baharini hazifuti la nchi kavu. Mkono uliojua kazi si lazima uwe mkono mwema, na tunapojifunza kutoka kwake tujifunze ile kazi.

Kitabu chake cha safari kilitoka mwaka 1900, kikasomwa sana. Alinunua nyumba na shamba kisiwa cha Martha's Vineyard, akajaribu kulima, lakini kila majira ya baridi alikimbilia visiwa vya Karibi na mashua yake. Novemba 1909, akiwa na miaka 65, aliondoka Vineyard kuelekea kusini, akikusudia kufika mto Orinoco. Hakuonekana tena, yeye wala chombo, wala ubao. Mwaka 1924 sheria ilimtangaza kuwa amekufa. Baharia huyu wa miaka yote hiyo hakujua kuogelea.

Spray ilizama, au iligongwa usiku, au ilishika moto. Mungu ndiye ajuaye. Hata hivyo haikupotea. Mwishoni mwa kitabu chake Slocum aliweka michoro ya umbo la Spray, mistari ya bodi na mpango wa matanga, na vipimo vyake vyote. Kwa michoro hiyo watu wa nchi mbalimbali wameunda nakala zake, na nyingi zimevuka bahari kuu. Chombo kilichokuwa kinangoja shoka mwaka 1892 kina wajukuu leo. Mtepe wetu, uliokuwa mkubwa kwa umri na kwa sifa, hauna.

Tofauti kati ya viwili hivyo ni karatasi chache na mtu aliyejali kuzijaza. Hili haliko nje ya uwezo wetu. Kila familia yenye jahazi, mashua au dau lililopwelewa, kabla halijakatwa, imwite fundi mzee pamoja na kijana mmoja anayejua kuandika. Wapime urefu wa mkuku, wapime upana kila baada ya taruma, wapige picha ndani na nje, waandike kila kipande kwa jina lake la Kiswahili kama fundi anavyolitamka, na aina ya mti uliotumika. Kazi hiyo ni ya siku moja au mbili na gharama yake ni chai na nauli. Nakala moja ikae nyumbani, nyingine ipelekwe makumbusho. Baada ya hapo, mwenye shida na akate, hatutamlaumu.

Na vijana wanaokaa chini ya miti Matondoni wakijifunza kushika tezo wasivunjwe moyo. Swali la malipo ni la haki, tena ni wajibu wa serikali za kaunti na sisi wanunuzi kulijibu kwa kuwapa kazi na kuwalipa inavyostahili. Slocum naye hakuwa na jibu lake pale shambani Fairhaven. Alikuwa na mwaloni mmoja, chungu cha maji ya moto, na ujuzi aliokusanya tangu Ufilipino hadi Brazil katika vyombo vilivyokwisha kuvunjika. Ajira zilikwisha, meli zilikwisha, mke aliyempenda alikufa, lakini ujuzi ule haukuchukuliwa na mtu. Sisi wetu bado tunao, mikononi mwa wazee tunaowafahamu kwa majina na tunaoweza kuwatembelea alasiri ya leo.